Ramani ya simu ijue aliyepita alipita na nini

Ndugu Mhariri,

Msomaji mmoja aliandika katika ukurasa huu kwamba sisi madereva wa siku nyingi tunaipuuza ramani ya simu kwa ukaidi tu. Huu ni mwaka wangu wa 19 kwenye usukani wa lori, na simu imebanwa kwenye kioo cha mbele kila siku ya kazi. Ramani naitumia. Ugomvi wangu ni namna inavyochagua njia.

Usiku mmoja, trela likiwa na mzigo kamili, simu iliniambia nikate kushoto niokoe dakika 11. Nikakata. Lami ikaisha, njia ikaanza kubana, matawi yakawa yanachapa turubai, na mbele nikakutana na kidaraja chenye kibao cha tani 5. Pa kugeuzia hapakuwepo. Tulipiga rivasi karibu saa nzima, utingo akitembea nyuma na tochi, anagonga bodi mara moja nisimame, mara mbili nije. Muda wote huo simu ilikuwa ikisema: endelea moja kwa moja.

Setilaiti hazikukosea, mahali nilipokuwa zilipajua vizuri. Kilichokosea ni kile kilichotiwa kwenye hesabu. Kompyuta huzigawa barabara katika vipande kati ya makutano na makutano, kila kipande ikakipa gharama, kisha ikatafuta mfuatano wenye jumla ndogo kuliko yote. Hesabu ya namna hiyo ilichapishwa na Mholanzi Edsger Dijkstra mwaka 1959 na bado ni msingi wa kazi hii. Haina kasoro. Ila gharama ikiwa ni umbali na mwendo unaoruhusiwa tu, kidaraja changu kinaonekana rahisi kuliko barabara kuu. Kwenye ramani hakuna mahali palipoandikwa kwamba malori hayapiti pale.

Madereva wanaoijua sehemu ile wangeniambia kwa neno moja. Na kwa kweli wameshasema, kwa sababu nao wana simu, na njia wanazopita kila siku zimeandikwa humo. Mwaka 2010 watafiti wa Microsoft walichapisha kazi waliyofanya kwa nyayo, yaani rekodi za mahali zilikopita, za teksi zipatazo 33,000 za Beijing kwa miezi mitatu. Waliangalia madereva wanaoujua mji wanapita wapi na saa ngapi, wakatoa maelekezo kutokana na hayo. Katika kila njia 100 walizopendekeza, 60 hadi 70 zilikuwa za haraka kuliko za mbinu walizolinganisha nazo. Maarifa ya dereva yaliingia kwenye hesabu bila dereva kufungua mdomo.

Si kazi ya kitoto, nakubali. Simu haichori mstari, inadondosha vitone, na kitone kinaweza kuangukia mita kadhaa pembeni, hasa katikati ya majengo marefu, kikaonekana kiko barabara ya pili. Kwa hiyo programu inavisoma vikiwa vimefuatana: gari haliwezi kuruka ukuta likaenda mtaa wa nyuma na kurudi ndani ya sekunde tano. Ni kama alama za tairi kwenye tope. Moja haikuambii kitu, kumi zikifuatana unajua gari limeelekea wapi. Zikikusanywa nyingi zinaonyesha hata barabara ambayo haijachorwa, au kona ambayo ramani inairuhusu na hakuna anayeikata.

Hapa sasa ndipo penye malalamiko yangu. Ukimwambia dereva wa trela kwamba watu mia wamepita njia fulani, atakuuliza: kwa chombo gani? Mia wa pikipiki hawanisaidii. Aliyenifundisha kazi alikuwa na daftari la kurasa zilizojaa mafuta, ninalo mpaka leo, na mistari mingi humo ni ya hivi: «Hapa pita ukiwa mtupu tu.» «Mvua ikinyesha, zunguka.» Gari ni lile lile na dereva ni yule yule, lakini akiwa na mzigo njia inabadilika. Simu yangu haijawahi kuniuliza nimebeba nini. (Siku nyingine nazunguka kilomita nne kwa sababu nataka kulala mahali penye taa. Sijui hilo nalo linasomwa vipi.)

Kuna jambo jingine linalonisumbua zaidi. Wengi wetu sasa tunafuata simu. Simu ikikosea, tunakosea pamoja nayo, nyayo zetu zinarudi kwake, nayo inaona njia ile ina wasafiri. Inajisikiliza yenyewe. Wanaotengeneza programu hizi wangetenganisha aliyechagua njia mwenyewe na aliyeelekezwa, na wampe uzito zaidi yule aliyeikataa sauti akapita kwingine.

Nyayo zenyewe zichukuliwe kwa ridhaa, na vipande vya mwanzo na mwisho wa safari vikatwe, maana huko ndiko majumbani kwetu. Kufuta jina hakutoshi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, kwa rekodi za simu za watu milioni 1.5, ulionyesha kwamba kujua mahali na saa mara nne tu kunatosha kumtenga mtu mmoja na wengine wote, kwa asilimia 95 ya watu hao. Dereva mwenye ratiba kama yangu asingehitaji hata hizo nne.

Narudi kwenye kidaraja. Usiku ule simu iliandika safari yangu yote: lori limeingia, limesimama, limetoka taratibu kinyumenyume. Ningependa kujua imehesabiwaje. Kama imewekwa kwenye fungu la malori yaliyopita pale, basi kuna mwenzangu ataelekezwa huko kwa ushahidi wangu mimi.

Wenu,
Dereva wa lori