Mafundi wa flashi, kubadili jina la faili si kubadili faili

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na vijana wanaoingiza nyimbo kwenye flashi, wale wenye spika nje ya kibanda na kompyuta ndani. Sina ugomvi nao, na wengine nimewafundisha darasa la tatu. Lakini ipo kazi moja wanaichukulia pesa bila kuifanya.

Mwaka 2009 nilimrekodi marehemu mama yangu kwa simu ya batani, amekaa barazani anasuka ukili. Mimi nauliza, yeye anajibu bila kuinua macho: ukindu unaanikwaje, rangi inachemshwaje, bibi harusi gani alitandikiwa mkeka upi. Zikapatikana faili 11, refu kuliko zote dakika 41. Simu ilikufa zamani, kadi yake ikabaki kwenye kopo la vifungo. Mwaka huu, tukijiandaa kwa hitima, wajukuu wakataka kumsikia bibi kwenye redio ya flashi. Simu zile zilirekodi kwa AMR, aina ya faili la sauti la simu, na redio yangu haiijui AMR. Inakula MP3.

Nikaenda kwa fundi. "Shikamoo mwalimu. Hiyo ni kukonveti tu, elfu mbili kila faili." Nikatoa 22,000. Soda sijaimaliza, kazi imekwisha! Akabofya faili moja palepale kwenye kompyuta yake, mama akasikika, nikafuta machozi. Kisha akauliza, "Zile za zamani nifute, mwalimu? Zinajaza kadi bure." Nikamwambia aziache. Si kwa ujuzi, ni ule ubahili wa mtu asiyetupa hata kipande cha chaki.

Nyumbani redio ikawaka taa, ikahesabu 1, 2, 3 mpaka 11, kimya.

Mpwa wangu anayesoma chuo Tanga mjini alilifungua faili moja kwa programu ya kuandikia maandishi. Ukurasa ulijaa vidude visivyosomeka, ila mwanzo kabisa paliandikwa #!AMR. Kumbe fundi alifuta herufi tatu za mwisho wa jina akaandika mp3, basi! Kwake lililia kwa sababu programu nyingi za kompyuta huchungulia ndani ya faili, jina haziliangalii sana. Redio ya bei rahisi huliamini jina, ikifungua ikakuta kilichomo sicho, inaruka.

Kazi yenyewe ni mstari mmoja kwenye programu ya bure iitwayo FFmpeg:

ffmpeg -i mama.amr -ar 44100 -b:a 128k mama.mp3

Hiyo 44100 si pambo, ni idadi ya sampuli, yaani vipimo vya sauti, kwa kila sekunde. AMR ilitengenezwa kwa ajili ya mazungumzo ya simu, inachukua sampuli 8,000 tu za sauti kwa sekunde. Mara ya kwanza mpwa wangu hakuiandika, MP3 ikatoka na 8,000 zilezile, redio ikagoma tena. MP3 ya kiwango hicho redio nyingine haziiwezi, hata kama ni MP3 ya kweli.

Na asikudanganye mtu kwamba sauti itang'aa. Faili la dakika 41 lilikuwa megabaiti 4 hivi, sasa ni 39, na mama hajaongeza hata neno. Kilichoachwa siku ya kurekodi hakirudi. Kwa sampuli 8,000, simu ile haikuchukua chochote kilichozidi nusu yake, yaani hezi 4,000 (mitetemo 4,000 kwa sekunde), na huko juu kwenye sauti nyembamba ndiko masikio yanakotofautisha s na f. Kuna mahali mama anasema "nasuka", wajukuu wanaapa kasema "nafuka". Yule mdogo akauliza kama bibi alikuwa anatoa moshi. Ngoma ya jirani inayosikika kwa mbali kwenye faili la saba ndiyo usiseme, kama mtu anagonga debe ndani ya pipa.

Ndiyo maana lile la asili halifutwi. Kila ukigeuza kwenda MP3 kuna kinachopunguzwa tena, na atakayepata njia bora kesho ataanzia kwenye AMR ileile, si kwenye nakala.

Elfu mbili si neno, kazi ifanyike. Mteja aje na redio yake, faili lijaribiwe humo, si kwenye kompyuta ya fundi. Na lile swali la "nifute?" liacheni kabisa. Mngejua nilivyokaribia kusema ndiyo.

Fundi wangu nilimrudia. Alicheka kwa aibu, akasema ndivyo alivyofundishwa na aliyemwachia kibanda. Amenirudishia 10,000, zilizobaki anadai alishanunulia umeme. Ule mstari nilimwandikia kwenye karatasi ya daftari, ameubandika ukutani juu ya kompyuta.

Mwalimu mstaafu,
Pangani, Tanga