Bangili ya mguuni haimwondoi afisa probesheni

Mhariri,

Kila unapojadiliwa msongamano wa magereza, bangili ya kielektroniki, ya kufuatilia alipo mtu anayetumikia amri ya mahakama nje ya gereza, hutajwa kana kwamba mtu akishavishwa mguuni, kazi ya afisa probesheni anayemsimamia imekwisha. Hapo ndipo inapoanza, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kuchambua tahadhari zinazotumwa na kifaa, zisizohusiana hata kidogo na uhalifu.

Bangili ya mawimbi ya redio huwasiliana na kisanduku kilichowekwa nyumbani na hujibu swali moja tu: yumo au hayumo. Inatosha kwa amri ya kukaa ndani, tuseme saa 1 jioni hadi saa 1 asubuhi, na betri yake hudumu miezi mingi. Ya setilaiti humfuata mhusika kila aendako, lakini lazima ichajiwe kila siku. Kwa asiye na umeme wa uhakika, au anayelala hapa leo na kule kesho, hiyo ni kumtegea mtego.

Makosa mengi huzaliwa siku ya kuvisha. Mkanda ukae juu ya kifundo, soksi ikiwa imevuliwa, na kidole kimoja kiweze kupita kati yake na ngozi. Ukibana, mguu ukivimba jioni utachubuka, mtu atauvutavuta mkanda, na kuvuta huko kunaweza kusomeka kama jaribio la kuukata. Kisanduku kiwekwe mahali palipoinuka, mbali na friji na vyuma, kisha mhusika atembezwe chumba hadi chumba huku masafa yakipimwa. Bafu ndilo husahauliwa. Matokeo yake mtu anaoga saa 3 usiku na mfumo unaandika kwamba ametoka.

Setilaiti nayo ina vituko vyake. Karibu na majengo marefu, nukta inayoonyesha alipo mhusika kwenye ramani inaweza kurushwa makumi ya mita hadi ng'ambo ya barabara, kwa hiyo nukta moja ndani ya eneo lililokatazwa si ushahidi wa kupeleka mahakamani. Tazama zilizoitangulia na zilizoifuata, setilaiti ngapi zilionekana, na mwendo. Mtembea kwa miguu "aliyekwenda" mita 400 kwa sekunde 20 hakwenda popote.

Kuchora eneo la katazo linalomlinda mwathirika ni hesabu, si kukisia. Kwa duara la nusu kipenyo cha mita 300, mtu anayetembea kilomita 5 kwa saa hufika mlangoni kwa dakika 3 na nusu hivi. Kifaa kikituma nukta zake kwa mafungu kila baada ya dakika 10, polisi watapata habari yeye akiwa ameshafika. Likipanuliwa ovyo, basi la kwenda kazini litapita ndani yake kila asubuhi, na wapokeaji watazoea kuzipuuza tahadhari. Afadhali maduara mawili, la nje la onyo na la ndani la katazo, yakichorwa kwa kufuata barabara zilivyo.

Lakini kuna jambo ambalo hakuna ramani inayolionyesha. Anayempiga mkewe ndani ya nyumba aliyoamriwa akae huonekana kwenye skrini kama mtiifu kamili. Ndiyo maana nyumba ikaguliwe kabla ya amri kutolewa, na anaoishi nao waulizwe faraghani, yeye akiwa hayupo. Uswidi ilipoanza kuijaribu bangili mwaka 1994 badala ya vifungo vifupi, ilidai pia mhusika awe na kazi au masomo, asiguse pombe, na atembelewe bila taarifa. Kifaa kilikuwa kipande cha ratiba. Pengine tunataka kiwe ratiba yenyewe, kwa kuwa ni rahisi kukinunua kuliko kuajiri maafisa.

Kabla ya bangili ya kwanza kununuliwa, iandikwe nani atapokea simu saa 8 usiku na atafanya nini. Betri ikishuka, apigiwe mhusika mwenyewe. Kisanduku kikikosa umeme, isubiriwe kwa muda uliopangwa huku kikitumia betri yake ya akiba. Mkanda ukikatika au duara la ndani likiingiwa, polisi na mwathirika wapigiwe simu papo hapo, bila kungoja afisa aingie kazini.

Msomaji, huduma za uangalizi