PSP ya kaka haikuwa ya kuuzwa kwa kilo

Mhariri,

Ukurasa wenu wa teknolojia naupenda, ila kila wiki ni simu mpya: kamera ngapi, bei gani. Naomba siku moja mwandike kuhusu vilivyolala kabatini. Mwezi uliopita nilimkuta mwanangu na mnunuzi wa vyuma chakavu, na juu ya mizani iko PSP, ile mashine ya gemu ya mkononi ya Sony, ya marehemu kaka yangu, imelazwa kando ya pasi mbovu. Niliinyakua pale pale. Pasi nikawaachia.

Kaka alirudi nayo kutoka Muscat mwaka 2009. Ni ile ya modeli ya 3000. Fundi simu niliyempelekea hata hakuifungua. "Imekufa hiyo, mama, we nunua simu." Kumbe kilichokufa ni betri tu, imevimba mpaka kifuniko cha nyuma kimebinuka. Niliitoa taratibu kwa vidole, maana betri iliyovimba haichokonolewi kwa bisibisi wala haitiwi chaji eti ya kujaribu. Nikachomeka chaja hivyo hivyo bila betri, taa ya kijani ikawaka. Nilipiga ukelele, mteja wangu akadhani nimejidunga sindano ya cherehani.

Betri mpya ilinibidi niitafute, kwani PSP haikubali kupandishwa toleo la programu bila betri yenye chaji. Nikaifikisha 6.61, toleo la mwisho la Sony. Kisha nikaweka ile programu ya wapenzi wa PSP inayoifungulia milango ikubali programu zisizo za Sony, pamoja na emuleta, yaani programu inayoigiza mashine za kaseti za Nintendo. Vyote vinaingia kwenye kadi ya memori, folda ya GAME, iliyo ndani ya folda ya PSP. Kasoro yake, nikiizima kabisa inarudi ilivyotoka kiwandani, lazima nibonyeze ikoni moja kuiamsha upya. Nikiilaza tu haisahau.

Kilichonitoa jasho ni kadi. PSP inataka kadi ya Sony ya aina yake, lakini kuna adapta ndogo inayobeba memori kadi ya kawaida ya simu. Nikauziwa iliyoandikwa GB 64. Ilipofika kama GB 8 mafaili yakaanza kuharibika, kumbe kadi ni feki, nami siku mbili nzima naisingizia PSP ya watu. Kadi ya namna hiyo ijazeni kwanza kwenye kompyuta, mfungue faili moja moja, kabla hamjailaumu mashine.

Gemu niliyoitaka ilikuwa moja, Contra. Nzima ni KB 128. Picha moja ya harusi mnayotumiana WhatsApp inaizidi. Msiivute ijaze kioo, wale askari wawili wanakuwa wanene kama wamemeza magodoro. Iacheni na weusi wake kushoto na kulia. Nilipobonyeza juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A, kisha kuanza, nikapewa roho 30. Vidole vilikumbuka vyenyewe, na kaka ndiye aliyenifundisha, akinipiga kikofi kila nikikosea.

Gemu zina wenyewe, najua, kwa hiyo sitaandika hapa pa kuzipata; na zipo zinazotolewa bure na waliozitunga. Ila kaseti tuliyochezea utotoni, ile ya gemu 64 kwa moja, sidhani kama Konami, wenye Contra, waliambulia hata senti.

Mwanangu sasa amefika hatua ya maporomoko ya maji, na PSP hataki kuitoa mkononi. Basi mwandishi wenu akija Tanga, apite Ngamiani nimwoneshe. Na kama kuna msomaji mwenye kifuniko cha betri cha 3000, nakihitaji: changu kilibinuka moja kwa moja, nimekishikiza kwa selotepu.

Mama Zuhura, mshonaji,
Ngamiani, Tanga