Risala ya Kikundi cha Wagonjwa wa Glakoma kwa Mgeni Rasmi, Moshi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Mkoa,
Wataalamu wa macho mliopo,
Wazee wetu, wanakikundi na wageni waalikwa,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha katika Wiki ya Glakoma Duniani, na wewe kwa kukubali mwaliko wetu. Sisi ni wagonjwa wa glakoma, ile tuliyozoea kuiita presha ya macho, pamoja na ndugu wanaotushika mkono. Baadhi yetu hatukuoni hapo ulipoketi, lakini sauti yako tumeisikia na tumefurahi.

Mheshimiwa, tulilokuja nalo lilianzia kwenye benchi la kliniki. Akina mama wawili wa kikundi hiki, majirani, waliambiwa wana glakoma. Mmoja alitobolewa kwa leza kitundu kidogo kwenye duara la rangi la jicho, akarudi nyumbani siku ileile. Mwenzake alipasuliwa, akalala na ngao ya plastiki juu ya jicho, akapangiwa kurudi kila wiki. Akaamini amebaguliwa. "Mwenzangu kapewa ya wenye bima," alisema, akaacha kliniki miezi minne.

Hakuna aliyemweleza kwamba wana magonjwa mawili yenye jina moja. Maji ya ndani ya jicho hutoka kupitia chujio lililo kwenye pembe, yaani pale konea, kioo cha mbele cha jicho, inapokutana na duara la rangi; yakikwama, presha ya jicho hupanda. Kwa yule wa kwanza pembe ilibanwa, maji hayafiki kwenye chujio. Kitundu kiliyapa njia. Wapo wa aina yake ambao hufaa zaidi kutolewa lenzi ya ndani ya jicho iliyonenepa. Kwa wa pili pembe iko wazi, ila chujio lenyewe limeziba. Kitundu kile kisingemsaidia kitu. Alifanyiwa trabekulektomi: mlango mdogo unaotoa maji chini ya utando mwembamba unaofunika weupe wa jicho. Kwetu Waafrika mlango huo huwahi kuzibwa na kovu, ndiyo maana daktari huweka dawa ya kuzuia kovu na kumwita mgonjwa mara kwa mara. Miezi ile minne aliyokaa nyumbani kwa uchungu ndiyo kovu lilikuwa likifunga.

Tunaye pia mtoto aliyezaliwa na macho makubwa yenye ukungu. Yeye alifunguliwa chujio mapema, kwa kuwa matone ya dawa peke yake yasingetosha. Na mzee wetu mwenye kisukari, aliyeota mishipa mipya ya damu kwenye pembe, aliwekewa mrija.

Uchunguzi wa Kongwa, Dodoma, uliochapishwa mwaka 2000, ulikuta glakoma kwa watu kama 4 katika kila 100 wenye miaka 40 na zaidi. Wengi walikuwa wa pembe wazi, lakini wa pembe iliyofungwa nao walikuwepo. Hapa kwetu Moshi, utafiti wa hospitali ya rufaa ya KCMC uliochapishwa mwaka 2021 ulihusu leza nyingine, ya kuamsha chujio, kwa wenye pembe wazi na presha kubwa ya jicho. Baada ya mwaka mmoja ilifanikiwa kwa macho 61 katika kila 100. Matone ya timololi yalifanikiwa kwa 31. Tunajivunia kwamba jibu hilo lilitoka mkoani kwetu.

Mheshimiwa, tunaomba kila mgonjwa apimwe pembe ya jicho kwa lenzi maalumu ya kuitazamia kabla ya kuamuliwa leza au kisu. Tunaomba kliniki za wilaya zipate lenzi hizo na watu waliofunzwa kuzitumia. Na tunaomba aina ya glakoma iandikwe kwenye kadi kwa Kiswahili, mgonjwa asomewe na aulize, akijua pia kwamba upasuaji hulinda uoni uliobaki, haurudishi uliopotea.

Yule mama wa pili yupo mstari wa mbele, mwenye kitenge cha kijani. Jicho moja bado linaona. Ameomba akukabidhi yeye mwenyewe mfano wa kadi hiyo. Juu yake ameandikisha maneno mawili, "pembe wazi".

Tunaomba kuwasilisha.