Samaki niliyemchagua si yule niliyeletewa

Mhariri,

Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi na si mtu wa kuandika barua. Lakini ile taarifa yenu ya kuisifia mikahawa ya samaki yenye soko lake pale pale mlangoni imenishinda kuimeza. Mwandishi wenu anatuambia kwamba mteja wa huko anaona kabisa anachokwenda kula. Anaona, ndiyo. Kula ni habari nyingine.

Juzi juzi niliipeleka familia kwenye mkahawa wa aina hiyo, jina naliacha. Mbele pale samaki wamepangwa juu ya barafu kama maharusi. Nikakagua kama mama alivyonifundisha: macho maangavu yaliyotuna, matamvua mekundu, mnofu ukiubonyeza kwa kidole unarudi. Nikampata wangu. Pezi lake la mkia lilikuwa limechanika upande wa juu hadi karibu na shina, pengine ni wavu. Akapimwa, nikaandikiwa, tukaenda kukaa. Tukakaa hasa, mpaka watoto wakaanza kutafuna vijiti vya kuchokolea meno. Hatimaye akaja samaki wa kuchoma, mkia mzima, umenyooka juu na chini. Nikamwita mhudumu nikamwonyesha. Akanijibu kwa upole, "Mzee, samaki akipata moto hubadilika." Najua hubadilika. Ngozi hujikunja, jicho huwa jeupe. Lakini moto wa kuotesha pezi sijapata kuusikia. Nikamfunua mgongoni: nyama inamomonyoka yenyewe, na ile harufu ya samaki aliyelala mbali na barafu inanipanda puani kupitia ndimu na vitunguu saumu vyote walivyomrundikia. Nikaomba basi nionyeshwe wangu yuko wapi. Nikaambiwa mteja haruhusiwi jikoni, kwa sababu za usafi. Usafi!

Na hili si suala la ulimi tu. Jodari au kibua akiachwa kwenye joto, bakteria hutengeneza kemikali iitwayo histamini ndani ya nyama yake, na histamini haiondoki kwa kuchoma wala kukaanga. Mlaji anaiva uso, kichwa kinamgonga, moyo unamwenda mbio, kisha anajitangazia mzio wa samaki maisha yake yote, wakati mwenye kosa ni aliyemwacha samaki juani.

Simlaumu mtu kwa kuuza samaki wa friza. Aliyegandishwa vizuri mara tu alipovuliwa anaweza kumshinda yule aliyezungushwa sokoni siku nne akiitwa samaki wa leo. Waandike tu kwamba ni wa friza, wapunguze na bei.

Halafu kuna mizani, ambayo mwandishi wenu hakuigusa kabisa. Samaki anapimwa na utumbo wake, magamba yake na maji ya barafu yanayomchuruzika. Kuparwa na kutumbuliwa ni baadaye, huko nyuma, usikoruhusiwa kwa sababu za usafi. Ukitaka minofu mitupu, mara nyingi unabakiwa na nusu ya uzito uliolipia, au pungufu. Haya, kichwa na mifupa vimekwenda wapi? Maana kwenye orodha ya vyakula naona kuna supu ya samaki, inauzwa kwa bakuli, na mke wangu aliiagiza. Inawezekana kabisa kichwa kimoja nimekilipia mara mbili. Nauliza tu.

Pendekezo langu ni dogo. Mteja akishachagua, samaki atobolewe taya la chini, apitishwe waya mwembamba wenye kibati cha namba, na namba hiyo hiyo iandikwe kwenye risiti. Aparwe nao, achomwe nao, aje nao mezani, waya hauungui. Anayetaka minofu aletewe na kichwa pembeni, kibati kikiwa mahali pake. Na mwenye mkahawa atakayelalamika kwamba waya unaharibu sura ya sahani, basi yeye na watu wa nyumbani kwake wale kila jioni samaki aliyebaki chini kabisa ya rundo, mbele ya wateja wote, na mwandishi wenu awekewe kiti kwenye meza hiyo.

Msomaji wenu, aliyekuwa kimya hadi leo