Dawa za sonona: wanawake tuulizwe kwanza

Mhariri,

Mwaka jana mimi na kaka yangu tuliugua sonona, miezi michache baada ya kumzika mama. Sote tuliandikiwa amitriptilini, kidonge cha miligramu 25 kila usiku. Kaka baada ya wiki tano akarudi shambani. Mimi ni fundi cherehani. Kinywa kilinikauka hadi ulimi ukagandana na kaakaa, choo kikawa kigumu, na asubuhi usingizi hauniachi. Siku moja nikashona mkono wa kushoto wa sare ya shule upande wa kulia. Nikaufumua huku nalia. Niliporudi kituoni nikaambiwa, "Mbona kaka yako anaimeza vizuri? Wewe unajidekeza."

Sijayasahau maneno yale.

Nikaenda kwa daktari mwingine, mama mtu mzima. Swali lake la kwanza: "Hedhi yako ikoje, mwanangu?" Akauliza pia kuhusu uzazi wa mpango na mimba, kisha akanihamishia fluoksetini, taratibu. Akanieleza kwamba mwaka 2000 ulichapishwa Marekani utafiti wa wagonjwa 635 wa sonona ya muda mrefu. Wanawake walinufaika zaidi na setralini, ya kundi moja na fluoksetini. Wanaume wakanufaika zaidi na imipramini, ambayo ni jamaa ya amitriptilini. Kwa wanawake waliokwisha koma hedhi, tofauti ile haikuonekana. Tafiti nyingine hazikukubaliana na huo, akasema, na wako wanawake wanaopona vizuri kwa amitriptilini. Kwa hiyo yeye huuliza, hakisii.

Lililonishtua zaidi ni hili: mwaka 1977 mamlaka ya dawa ya Marekani ilielekeza wanawake wa umri wa kuzaa wasiingizwe katika majaribio ya mwanzo ya dawa mpya, na mwongozo huo ukadumu hadi 1993. Nasi ndio tunaougua sonona karibu mara mbili ya wanaume!

Kadi yangu ina nafasi ya uzito, presha na jina la dawa. Hedhi, mimba, kunyonyesha, hakuna. Naomba wahusika waongeze mstari huo mmoja tu.

Nawe, Mhariri, tutafutie daktari wa afya ya akili atujibu katika kurasa zako. Mimba ikikua, dozi ibaki ileile? Anayenyonyesha ameze ipi? Na mimi wa miaka 44, hedhi ikikoma, nirudi kuangaliwa upya?

Fundi cherehani,
Korogwe, Tanga