Vipande vya mbao visifungiwe stoo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo sisi wenye karakana huliona waziwazi, ingawa hatuulizwi. Mimi ni seremala hapa Bagamoyo, na kwa karibu miaka ishirini nimepokea vijana waliomaliza kidato cha nne wakitaka kujifunza ufundi. Wengi wao wana akili nzuri. Kijana atakutajia kanuni ya Pythagoras bila kukosea neno, lakini ukimpa fremu ya dirisha na tepu, ukamwambia ahakikishe kona imekaa sawa, anabaki kukutazama. Hajui kwamba kupima futi tatu upande mmoja, nne upande wa pili, kisha kuangalia kama mshazari umetimia tano, kama wafanyavyo waashi wanapopiga msingi, ni kanuni ile ile aliyoijibia mtihani. Simlaumu, kwa kuwa tangu utotoni alizoeshwa kushika kalamu tu.

Wale walioachwa wacheze huwa tofauti. Jioni moja ufukweni nilimtazama mtoto wa jirani, wa miaka kama saba, akiunda ngalawa kwa kumbi la nazi, tanga lake kipande cha kanga kuukuu (sisi tulitumia mifuko ya plastiki, na sisikitiki kwamba ilipigwa marufuku mwaka 2019). Alipoitia majini ililala ubavu. Akaifunga mrengu mmoja wa kijiti, ikalalia upande wa pili. Akaongeza mwingine, ikasimama, lakini upepo ulipovuma ikapinduka, naye akakaa kitako akaifikiri kwa muda mrefu kabla ya kulipunguza tanga kwa meno. Hakuna mtu mzima aliyemwelekeza, nami nilijizuia kwa shida nisimwelekeze. Siku mwalimu atakapomfundisha habari za uzito na mizani, mtoto yule atakuwa anapewa jina la kitu anachokijua.

Miaka michache iliyopita nilikusanya mabaki ya mninga na mtiki, nikayakata kwa vipimo vinavyooana, vipande viwili vifupi vikitoshana na kimoja kirefu, nikavipiga msasa hata kisibaki kibanzi, nikajaza gunia na kulipeleka katika kituo kimoja cha watoto wadogo ambacho sitakitaja. Nilipopita mwisho wa muhula nililikuta gunia stoo, limefungwa kwa kamba yangu mwenyewe. Niliambiwa kwamba vipande vingepotea, na zaidi ya hayo wazazi hulipa ada ili waone daftari limejaa, siyo waambiwe mtoto ameshinda akijenga nyumba.

Jibu lile liliniudhi, lakini sikuweza kulikanusha. Mtoto wa miaka minne akirudi nyumbani, swali letu la kwanza ni ameandika nini, na kituo kinachomwachia achore ukutani au afinyange udongo tunakiita cha kupotezea muda. Ilhali vipande vya aina ile si uzushi wangu: Mjerumani Friedrich Fröbel, aliyefungua kituo chake cha watoto mwaka 1837, aliwapa vipande vya mbao ili wajifunze umbo na ulinganifu kwa kujenga na kubomoa. Nasi wenyewe tulikuwa na Elimu ya Kujitegemea tangu mwaka 1967, iliyokusudia kichwa na mikono visitengane, ijapokuwa wengi wa rika langu wanaikumbuka kwa jembe la shamba la shule tu.

Nashukuru kwamba mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 umelipa somo la Sanaa na Michezo nafasi yake. Hofu yangu ni kwamba wanafunzi watanakili ubaoni maana ya ufinyanzi pasipo kushika udongo. Tusisingizie ukosefu wa vifaa, maana marehemu Edward Saidi Tingatinga alianzisha mtindo wake wa uchoraji kwa rangi za kupaka baiskeli, nasi mji wetu una chuo cha sanaa tangu mwaka 1981, una wachonga milango na waunda mashua, na una akina mama wasukao ukili, ambao huhesabu miyaa kwa vidole siku nzima na wakikosea mmoja tu nakshi yote huharibika. Walimu wakuu wawaalike watu hawa darasani, hata kwa saa mbili kwa wiki, na kamati za shule ziwape chochote cha kufidia siku yao. Si haki kumwita fundi kila mara kwa kujitolea.

Lile gunia nililirudisha nyumbani, na sasa yamekuwa matatu. Shule au kituo chochote cha hapa Bagamoyo kinaweza kutuma mtu Jumamosi asubuhi aje achukue bila malipo. Sharti langu ni moja: nikipita baada ya miezi miwili nivikute vimechakaa.

Seremala,
Magomeni, Bagamoyo